Harusi Imekaribia, Karatasi Ziko Wapi? Historia ya Mke na Ukaazi wa Uingereza



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunajua mambo mengi kabla ya majirani. Tunajua nani ameposwa, nani ameshapokea mahari, na nani atasafiri baada ya fungate. Miaka hii wanaosafiri ni wengi. Bwana harusi yuko Muscat, yuko Dubai, yuko Toronto, yuko London. Bibi harusi anachagua gauni la nikaha na la siku ya kupambwa, lakini kinachomkosesha usingizi si rangi ya kitambaa. Anajiuliza viza itatoka lini, na akishafika huko atakuwa nani mbele ya sheria.

Leo tumeona tuzungumze historia. Tumechagua Uingereza kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa mwambao wetu wamo ndani ya historia hiyo tangu zamani. Pili, sheria za huko zinaonyesha waziwazi namna mwanamke alivyopimwa kila alipobisha hodi na familia yake. Anayejua mlango ulivyojengwa haingii kwa kupapasa.

Mke alikuwa kivuli cha mume

Bibi zetu wangeshangaa kusikia kuwa hata mwanamke wa Kiingereza mwenyewe hakuwa na uraia wake hasa. Kwa sheria ya mwaka 1870, mwanamke alifuata uraia wa mume. Mwingereza aliyeolewa na mgeni alipoteza Uingereza wake na kuhesabiwa mgeni katika mji aliozaliwa. Sheria hiyo ililegezwa kidogokidogo, lakini haikuondoka kabisa mpaka tarehe 1 Januari 1949, ilipoanza kutumika Sheria ya Uraia ya mwaka 1948. Mwaka 1957 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba maalumu kuhusu uraia wa mwanamke aliyeolewa, kwamba ndoa peke yake isimvue wala isimvishe uraia bila ya hiari yake.

Hata hivyo mizani haikukaa sawa. Mwanamume wa Kiingereza akioa mgeni, mkewe alikuwa na haki ya kuandikishwa raia. Mwanamke wa Kiingereza akiolewa na mgeni, mumewe hakuwa na haki hiyo. Mtoto akizaliwa nje ya nchi, uraia aliupata kwa baba tu. Mama alibeba mimba miezi tisa, lakini pasipoti yake haikumfaa kitu mwanawe. Hilo lilibadilika tarehe 1 Januari 1983, ilipoanza Sheria ya Uraia ya mwaka 1981.

Mlango uliokuwa wazi unaanza kufungwa

Mpaka mwaka 1962 watu wa nchi za Jumuiya ya Madola waliingia Uingereza bila ya kizuizi kikubwa. Sheria mpya ilianza tarehe 1 Julai 1962. Kuanzia hapo aliyetaka kwenda kufanya kazi alihitaji hati ya kazi, na ikachukuliwa kuwa mwenye kazi ni mwanamume, mke na watoto ni wa kufuata nyuma.

Kwetu Visiwani mambo yalikuwa na mkondo wake. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi. Sultani Jamshid bin Abdullah aliishia Uingereza na familia yake, akakaa miaka mingi katika mji wa Portsmouth. Yeye alipokewa. Familia nyingi nyengine zilizoondoka miaka ile zilitawanyika: wengine bara, wengine Misri na Ghuba, na baada ya mwaka 1970 wengi wakaingia Oman. Kila familia ilibidi itafute nchi itakayowaandika katika daftari lake. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za hapa kuna sanduku la karatasi za zamani ambalo bibi hamruhusu mtu kulichezea.

Kenya mwaka 1968, Uganda mwaka 1972

Jirani zetu Wahindi wa Kenya walipata mtihani wao. Baada ya uhuru, wengi wao walibaki na pasipoti za Uingereza. Kenya ilipotunga sheria za mwaka 1967 zilizowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, walianza kuondoka kwa wingi. Serikali ya London ikapitisha sheria kwa haraka, siku tatu tu bungeni, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Tangu siku hiyo kuwa na pasipoti ya Kiingereza hakukutosha. Lazima mwenyewe, au mzazi, au babu au bibi yake awe na asili ya Uingereza. Wengine wote waliambiwa wasubiri foleni ya vocha maalumu.

Sasa tazameni, mashoga zetu, vocha ile ilipewa nani. Ilipewa mkuu wa familia. Na mkuu wa familia kwa mujibu wa maofisa alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa mkuu, hata kama pasipoti ya Kiingereza ilikuwa yake yeye na mume hana. Mume lazima awe amekufa, au ni mgonjwa asiyejiweza, ndipo mke aangaliwe.

Miaka minne baadaye, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Kiasi cha watu 28,000 walipokewa Uingereza. Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna habari ambayo haisimuliwi sana. Walikuwapo wanawake wenye pasipoti za Uingereza ambao waume zao hawakuwa na uraia wa nchi yoyote. Mke na watoto walikubaliwa London, mume hakukubaliwa. Wanaume hao wakapelekwa na Umoja wa Mataifa katika kambi za nchi nyengine, kama Austria, Italia na Malta. Familia zikakaa mbalimbali, baba kambini Ulaya, mama na watoto Uingereza, mpaka serikali ilipolegeza msimamo. Kama mwenye pasipoti angekuwa mume, mke angepanda naye ndege moja.

Aibu ya uwanja wa ndege

Kipande hiki ni kizito kukiandika, lakini bibi harusi anapaswa kukijua.

Miaka ya 1970 sheria ilikuwa hivi: mke aliyekwenda kuishi na mume alihitaji kibali kabla ya kusafiri, na foleni ya kibali hicho katika nchi za Bara Hindi ilikuwa ndefu. Mchumba aliyekwenda kufunga ndoa ndani ya miezi mitatu hakukihitaji. Maofisa wakashuku kuwa wake za watu wanajifanya wachumba ili waruke foleni. Na wakajitungia kipimo chao: mchumba wa kweli wa Kihindi lazima awe bikira.

Januari 1979 mwalimu wa Kihindi, mwanamke wa miaka 35, alifika uwanja wa Heathrow kwenda kuolewa. Alichukuliwa akakaguliwa mwili na daktari ili ijulikane kama ni bikira. Gazeti la The Guardian lilitoa habari hiyo mwanzoni mwa Februari, na kelele zikawa kubwa. Wanawake wa Kiasia wanaoishi Uingereza waliandamana pale pale Heathrow. Serikali ikapiga marufuku ukaguzi huo. Miaka mingi baadaye, watafiti waliofungua majalada ya serikali walikuta kuwa wanawake wasiopungua 80 walifanyiwa hivyo katika ofisi za ubalozi huko India kabla hata ya kusafiri.

Kwetu sisi stara ya mwanamke ni amana. Hapa ofisa wa karatasi alijipa haki ambayo hata wazazi hawana. Na mwanamke yule alikubali kwa sababu alidhani akikataa atarudishwa. Aliyekuwa hana wa kumwambia haki zake, ofisa ndiye akawa sheria.

Mtoto na damu ya mama

Watoto nao walipimwa. Mama akisema huyu ni mwanangu, aliambiwa lete ushahidi, na nchi nyingi za kwetu hazikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya uhakika. Watoto wengine walipigwa eksirei za mifupa kukisiwa umri.

Mwaka 1984 mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba, yaani DNA. Watu wengi wanafikiri kazi ya kwanza ya ugunduzi ule ilikuwa kukamata wauaji. Sivyo. Kesi ya kwanza, mwaka 1985, ilikuwa ya mama mwenye asili ya Ghana aliyeishi Uingereza, ambaye mwanawe alizuiwa kuingia kwa shaka kuwa si wake. Damu ikatoa jibu: ni mwanawe wa kumzaa. Mtoto akarudishwa kwa mamake. Sayansi ile ilianza kwa kumfuta mama machozi, alhamdulillah.

Wanawake watatu mbele ya mahakama ya Ulaya

Tumesema mke alifuata mume. Je, mume angeweza kumfuata mke? Sheria za Uingereza zilifungua na kufunga mlango huo mara kadhaa. Ulifungwa mwaka 1969, ukafunguliwa 1974, na mwaka 1980 ukabanwa sana: mwanamke aliyetaka kumleta mumewe lazima awe raia, na yeye au mzazi wake mmoja awe amezaliwa Uingereza. Mwanamume mwenye ukaazi alimleta mkewe bila ya sharti hilo.

Wanawake watatu hawakunyamaza. Bi Nargis Abdulaziz alizaliwa Malawi katika familia yenye asili ya India. Bi Arcely Cabales alikuwa muuguzi kutoka Ufilipino. Bi Sohair Balkandali alizaliwa Misri. Wote watatu walikaa Uingereza kihalali, na waume zao wote walikataliwa. Walipeleka mashtaka Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Serikali ilijitetea kwamba waume wa kigeni watachukua kazi za wenyeji, na kazi zilikuwa chache. Mahakama haikuridhika. Hukumu ya tarehe 28 Mei 1985 ilisema kuwa kumnyima mke haki aliyopewa mume ni ubaguzi wa jinsia.

Ushindi, sivyo? Subirini. Serikali ilitakiwa isawazishe, nayo ikasawazisha kwa kushusha. Badala ya kuwapa wanawake wepesi waliokuwa nao wanaume, iliwatia wote katika uzito mmoja. Tangu hapo hata mume aliyetaka kumleta mkewe alitakiwa athibitishe kuwa wana pahala pa kuishi na uwezo wa kujilisha bila ya msaada wa serikali, na kwamba lengo kuu la ndoa si kuingia Uingereza.

Sharti hilo la lengo kuu ndilo lililovunja nyoyo nyingi. Mwombaji alitakiwa athibitishe nia iliyomo moyoni, na nia anaijua Mwenyezi Mungu. Ndoa zilizopangwa na wazee, kama nyingi za kwetu, zilitiliwa shaka zaidi: mmeonana mara ngapi, kwa nini mume asihamie kwa mke. Sharti hilo liliondolewa Juni 1997.

Ukaazi kama kamba shingoni

Kuingia ni jambo moja, kukaa ni jengine. Mke aliyeingia kwa viza ya ndoa aliwekwa kwanza katika muda wa majaribio. Ulikuwa mwaka mmoja, ukawa miaka miwili mwaka 2003, na tangu 2012 ni miaka mitano kabla ya ukaazi wa kudumu. Katika muda huo haki yake ya kukaa inategemea ndoa.

Fikirieni mwanamke anayepigwa. Akivumilia anaumia, akitoka anarudishwa kwao. Waume waovu walilijua hilo, wakaificha pasipoti ya mke na kumtishia kwa simu moja ya Uhamiaji. Shirika la wanawake la Southall Black Sisters, lililoanzishwa London mwaka 1979, lilipigania jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka 1999 serikali ikakubali kuwa mke aliyevunja ndoa kwa sababu ya ukatili aweze kuomba ukaazi wake mwenyewe. Haki hiyo sasa imo ndani ya kanuni. Tunaomba kila bibi harusi anayekwenda huko aijue kabla ya kupanda ndege. Kuijua si kumdhania mume mabaya. Hata kungwi humfunza mwali mambo ambayo anamwombea yasimfike.

Kipimo cha mshahara

Julai 2012 kikaja kipimo kipya: aliyeko Uingereza lazima awe na pato la paundi 18,600 kwa mwaka ndipo amlete mwenzake, na zaidi akiwa na watoto wasio raia. Februari 2017 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya huko ilikubali kuwepo kwa kiwango hicho, lakini ikasema maslahi ya watoto hayakuzingatiwa inavyostahili. Aprili 2024 kiwango kikapanda mpaka paundi 29,000. Wanaoumia zaidi ni wanawake, kwa kuwa mishahara yao mara nyingi ni midogo na wengi wanafanya kazi nusu siku kwa ajili ya kulea. Mwaka 1980 mwanamke aliulizwa amezaliwa wapi, leo anaulizwa anapata shilingi ngapi.

Nikaha na sheria ya huko

Hapa tunaomba msome pole pole. Nikaha iliyofungwa Zanzibar na kusajiliwa kwa mujibu wa sheria za hapa inatambuliwa Uingereza. Lakini nikaha iliyofungwa huko sebuleni, au katika msikiti usioandikishwa kwa ajili ya ndoa, bila ya kupita kwa msajili wa serikali, ni nikaha mbele ya dini tu. Mbele ya sheria ya huko si ndoa. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua hivyo katika kesi ya mke Muislamu aliyekuwa na mume tangu mwaka 1998 na watoto wanne. Siku ya kuachana, sheria haikumhesabu kuwa ni mke.

Na jambo la pili: tangu sheria ya mwaka 1988, mke mwengine hapewi ruhusa ya kuingia kama mke ikiwa tayari yuko mke aliyeingia Uingereza kwa ndoa ya mume huyo huyo. Mtu akikuposa kutoka huko, wazee wako wana haki ya kuuliza hali yake ya ndoa, waulize na karatasi.

Tuchukue nini?

Historia hii inatupa mambo ya kufanya, na mengi tunayaweza kabla hata ya kitambaa kukatwa.

Majina yako yawe sawasawa kila pahala: cheti cha kuzaliwa, pasipoti na cheti cha ndoa. Herufi moja ikitofautiana huchelewesha maombi. Familia zilizoteseka zaidi katika habari hizi ni zile zisizokuwa na vyeti.

Sajili ndoa yako serikalini mara tu baada ya nikaha, na watoto mara tu wanapozaliwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni linaandikwa, maisha ya mtu je?

Usiende kwa viza ya matembezi ukiwa na nia ya kubaki. Omba viza ya mke au ya mchumba tangu mwanzo, pamoja na mtihani wa Kiingereza na kipimo cha kifua kikuu kinachotakiwa kwa anayetoka Tanzania. Ya mchumba ni ya miezi sita, ya kufunga ndoa huko huko.

Pasipoti yako ikae mkononi mwako, na nakala ya kila karatasi ibaki kwa mama yako. Tarehe ya viza kumalizika uijue wewe mwenyewe, usimwachie mume peke yake.

Na kabla ya kulipa mtu anayejiita wakala, muulize amesajiliwa wapi kutoa ushauri wa uhamiaji. Kanuni hubadilika, kwa hiyo siku ya kuomba soma zilizopo siku hiyo.

Waislamu wa mwanzo waliohamia Habasha walikuwa na wanawake miongoni mwao, Bibi Ruqayya binti wa Mtume (SAW) na Bibi Ummu Salama. Walimkuta Najashi, mfalme aliyewasikiliza kabla ya kuwahukumu. Si kila aliyehama baada yao amemkuta Najashi. Wale waliokataliwa wakasimama na kudai, ndio waliotufungulia njia tunayopita leo, ingawa hatuwajui na wao hawakutujua.

Mwenyezi Mungu awape mabibi harusi wetu ndoa za kheri na safari za salama, na awakutanishe waliotenganishwa na mipaka. Aamin.